Ngoma ninayosikiza wiki hii ina karibu miaka 100

Wewe unasikiza nini siku hizi? Sikuulizi ili nikupime. Nauliza kwa sababu mimi na mabeshte wangu tuna mtindo wetu: kila Ijumaa jioni, kila mtu anatuma ngoma moja kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, halafu ni lazima aseme kwa nini. Hakuna kutuma na kuhepa. Kama umetuma kwa sababu umeachwa, sema umeachwa. Kama umetuma kwa sababu besi inatikisa kioo cha matatu, sema hivyo. Tumesikiza gengetone hapo, arbantone, amapiano, injili, hata rhumba ya wazee wetu.

Wiki mbili zilizopita zamu yangu ilifika nikamtuma Siti binti Saad.

Kimya. Halafu zikaanza kumiminika zile nyuso za kucheka mpaka machozi. Mmoja akataka kujua kama simu yangu imeingia maji, maana alichosikia yeye ni kitu kama mahindi yakikaangwa kwenye sufuria, na kwa mbali sana mama anaimba. Sikukasirika. Mara ya kwanza na mimi nilisikia mahindi tu. Lakini nilikuwa nadaiwa ile kwa nini, na haikutosha kwenye ujumbe wa simu. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Tulia basi, nikupeleke Zanzibar kidogo.

Msichana aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani kilicho kusini mwa mji wa Zanzibar, mwaka wa 1880 hivi. Jina alilopewa na wazazi halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Hilo halikuwa jina la utani wala matusi ya jirani, ndilo jina lake hasa, la kuitwa akitakiwa kula na kuitwa akitumwa maji.

Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, wa ukoo uliopitia utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, lakini usidhani siku hiyo watu waliamka huru. Kufunga soko ni jambo moja na kuwaachilia watu ni jambo lingine kabisa. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria pale kisiwani mpaka 1897. Piga hesabu. Msichana wetu alikuwa karibu na umri wa mtu wa kidato cha nne sheria ilipobadilika, na jina lake halikubadilika nayo.

Kwao kazi ilikuwa ufinyanzi. Wanawake walifinyanga vyungu, wakavichoma, na Mtumwa akavipeleka mjini kuuza. Ukitembeza bidhaa unahitaji sauti, hilo mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na stendi analijua. Yule kondakta anayejaza gari kabla ya wenzake hajawazidi kitu ila koo. Basi inasimuliwa kwamba binti huyu alipopita akinadi vyungu vyake, watu walimsikia kabla hawajamwona, na wengine walitoka nje kusikiza tu, chungu hawataki.

Shule hakwenda. Kusoma na kuandika hakujua.

Hapa niruhusu nijiingize kidogo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilizidi, barua zikaja, siku moja jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliosajiliwa, na hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kufuzu. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa naogopa kusema lolote mbele ya watu walio na shahada, hata kuhusu muziki, ambao ndio kitu pekee ninachokijua vizuri. Nilikuwa natuma ngoma bila kusema kwa nini. Kwa hiyo ukiniuliza mbona nimemng'ang'ania mwanamke wa Fumba aliyeimba kabla nyanya yangu hajazaliwa, sehemu ya jibu ndiyo hiyo. Lakini subiri, usiharakishe kufikiri nitakuambia uache shule. Siti mwenyewe angekukemea, na nitakuonyesha sababu huko mbele.

Kuvuka kwenda mjini

Mwaka wa 1911 akahama Fumba akaenda kuishi mjini. Mji wa Zanzibar wakati huo ulikuwa na pande mbili zilizotenganishwa na mkono wa bahari. Upande mmoja ulikuwa ule wa nyumba za mawe, milango iliyochongwa, makasri na wenye mali. Upande wa pili, Ng'ambo, ulikuwa wa nyumba za udongo, wachukuzi, wavuvi, wauza vitu vidogo vidogo, na maelfu ya watu ambao wao au wazazi wao walikuwa watumwa juzi tu. Huhitaji ramani kuelewa hilo. Kila mji wetu una upande wa magorofa na upande wa mabati, na kila mtu anajua yeye analala wapi.

Muziki nao ulikuwa na pande zake. Taarab ilikuwa kitu cha kasri. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, aliupenda muziki wa Misri, akaleta mambo ya huko kwake: udi, fidla, ganuni, na nyimbo za Kiarabu. Hata kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mjini mwaka wa 1905, kilikuwa chama cha waungwana, wanaume, na lugha ya uimbaji ilikuwa Kiarabu. Mchukuzi wa Ng'ambo angeweza kusimama nje ya dirisha akasikia sauti tamu, asielewe neno.

Sasa fikiria anayeingia hapo. Mwanamke. Masikini. Wa ukoo wa watumwa. Ametoka shamba, hajui kusoma. Hata sura, watu wa wakati wake hawakumhesabu miongoni mwa warembo, na hawakuona haya kusema hivyo.

Alichokuwa nacho ni koo na kichwa kinachoshika. Wanamuziki wa mjini waliomsikia wakaanza kumfundisha: namna ya kuimba na udi, namna ya kufuata fidla, matamshi ya Kiarabu. Hana daftari, hana pa kuandika, kila kitu kinahifadhiwa kichwani. Polepole likaundwa kundi lililomzunguka, akiwemo mpiga udi Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, ambaye alitokea Mombasa. Kwa hiyo hata sisi wa upande huu wa mpaka tuna mkono wetu kwenye ngoma ile.

Siti aliimba Kiarabu, na aliimba hata Kihindustani. Lakini kilichowachanganya watu ni kwamba alichukua muziki ule wa kasri akauimba Kiswahili. Kwa ghafla yule mchukuzi aliyesimama nje ya dirisha akaelewa kila neno. Tena akagundua maneno yanamhusu yeye.

Jina jipya

Ni mjini huko ndiko alikopata jina tunalomjua nalo. Siti ni jina la heshima, ndivyo anavyoitwa mwanamke mwenye cheo chake, bibi wa watu. Kutoka Mtumwa mpaka Siti: mimi nikisoma hilo huwa nasimama kidogo. Kuna watu wanaobadilisha jina kwenye Instagram kila mwezi na hakuna kinachobadilika. Huyu alibadilisha moja tu na ndani yake mna historia ya kisiwa kizima.

Hata mavazi yalikuwa na ujumbe. Enzi za utumwa, mtumwa mwanamke alijulikana kwa kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei ya chini, na kujifunika kichwa kulikuwa ni kwa waungwana. Utumwa ulipoisha, wanawake wa Ng'ambo walianza kuvaa kanga za rangi, na baadaye buibui. Siti alipopanda kuimba alivaa buibui na kujisitiri hasa. Wewe leo unaweza kuliona vazi hilo ukafikiri ni la kumficha mtu. Kwake lilikuwa la kutangaza: mimi nami ni muungwana.

Bila shaka wapo waliochukia. Usifikiri kutukanwa mitandaoni kumeanza na sisi. Walimtungia mashairi ya kumkumbusha alikotoka na nguo aliyoingia nayo mjini, na kumsuta kwamba bila lile koo angelala njaa. Zilikuwa beti za kumwaibisha, zikaimbwa barazani watu wakacheka.

Alifanya nini? Hakufunga akaunti. Alijibu kwa wimbo. Akasema, kwa ufupi na kwa maneno yangu mimi, kwamba uzuri wa sura si kitu cha kujivunia, na kwamba kinachompa mtu thamani ni akili na mwenendo wake. Wimbo wake ulidumu, na waliomsuta leo hata majina yao tungeyatafuta kwa tochi.

Halafu kasri lenyewe likamwita. Sultan Khalifa bin Haroub, aliyeanza kutawala mwaka ule ule wa 1911 ambao Siti alihamia mjini, alikuwa miongoni mwa waliokaa wakamsikiza. Binti wa wafinyanzi wa Fumba akaimba mbele ya sultani, na usiku mwingine akarudi kwake Ng'ambo, ambako watu walikusanyika nyumbani kwake wakisikiza na kujadili mambo ya mji mpaka usiku mkubwa.

Dakika tatu kila upande

Mwaka wa 1928 wakapanda meli, Siti na wenzake, wakavuka Bahari ya Hindi mpaka Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya Gramophone, ile ya lebo ya HMV yenye picha ya mbwa anayesikiza spika. Kabla ya hapo, hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefika kwenye santuri.

Labda hujawahi kushika santuri. Ni sahani nzito, nyeusi, inayovunjika ukiiangusha. Zile za wakati ule zilizungushwa mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu za muziki. Ukiisha, unageuza. Hakuna kukata na kuunganisha, hakuna kusahihisha sauti kwa kompyuta. Kundi linapiga pamoja, likikosea linaanza tena. Lile koroma unalosikia leo kwenye YouTube, yale mahindi ya rafiki yangu, ni alama ya sindano na miaka na mikono iliyoishika sahani ile.

Santuri ziliporudi, zilienea pwani nzima mpaka Mombasa na Lamu na zikapanda bara. Wangapi walikuwa na gramafoni? Wachache. Ndiyo maana watu walisikiza pamoja. Mwenye mkahawa anaweka santuri, wenye kahawa wanakaa, wapita njia wanasimama. Mtu anaelezea aliyekosa mwanzo. Wanabishana kuhusu maana. Wanaomba irudiwe.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipocheka peke yangu. Kumbe kikundi chetu cha Ijumaa si kitu kipya. Hawa walikuwa wanatumiana ngoma na kuambiana kwa nini, miaka mingi kabla ya bando. Tofauti ni kwamba wao walilazimika kukaa pamoja mpaka wimbo uishe. Sisi tunaruka baada ya sekunde kumi.

Walichokuwa wakijadili

Sasa twende kwenye kwa nini yenyewe.

Nyimbo nyingi za Siti ni za mapenzi, na ni tamu. Lakini nyingine zilikuwa habari. Watu wengi wa Ng'ambo hawakujua kusoma gazeti, na hata wangejua, gazeti halikuwa linaandika habari zao. Siti na kundi lake walichukua visa vya mji, vya mahakamani na vya mitaani, wakavitia kwenye wimbo.

Kuna wimbo wao juu ya mtu wa kalamu aliyekula mali ya wanyonge, watu ambao hawakuweza kusoma alichokuwa akikiandika, akaishia kufungwa. Ndiyo nikakuambia Siti angekukemea ukiacha shule kwa kujidai. Alijua kutosoma kunagharimu nini. Alijua kwamba asiyejua kusoma huibiwa na anayejua, tena mchana, tena kwa risiti. Yeye alifika mbali licha ya kukosa shule, na hilo ni tofauti kabisa na kufika kwa sababu ya kuikosa. Nililiandika hilo kwenye karatasi nikalibandika juu ya kitanda, maana kuna siku najidanganya.

Halafu kuna ule niliotuma Ijumaa ile. Unaitwa Kijiti.

Kisa ni hiki. Mwanamke alivuka bahari kutoka bara akaja Zanzibar kama mgeni. Alikuwa mja mzito. Wenyeji wake walimtoa usiku kwenda kujiburudisha, pombe ikawepo, na mwanamume mmoja aitwaye Kijiti akawemo. Kijiti akamchukua mgeni kando, kichakani. Mgeni hakurudi hai. Kijiti akatoroka akakimbilia bara.

Kesi ikafika mahakamani, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Muuaji hayupo. Waliopo ni wanawake waliomkaribisha marehemu, waliofika kueleza walichokiona. Na mwisho wa yote waliofungwa ni hao, wanawake, kwa habari ya ile pombe. Muuaji yuko nje, mashahidi wako ndani.

Soma aya hiyo mara ya pili, kisha uniambie ni ya mwaka gani.

Siti hakuwa wakili. Hakuwa na wa kumpigia simu. Alichofanya ni kukiimba kisa chote: nani alifanya nini, nani alikufa, nani alitoroka, nani alifungwa. Akamtaja muuaji jina. Wimbo ukaingia kwenye santuri, santuri ikaingia mikahawani, na kokote ambako Kijiti angekimbilia, uliweza kumfuata. Mahakama ilifunga jalada. Watu wenye kahawa mkononi wakalifungua tena kila sahani ilipozungushwa.

Januari ile

Niliusikiza wimbo huu kwa makini kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2024. Unakumbuka Januari ile. Wanawake waliuawa, mmoja baada ya mwingine, wengine kwenye vyumba vya kukodi vya usiku mmoja, na kila habari ilipotoka, kuna watu kwenye simu zao waliouliza alikuwa anatafuta nini huko, alivaa nini, alikunywa nini, nani alimlipia nauli. Tarehe 27 watu waliandamana Nairobi na miji mingine. Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu dada yangu alikwenda, niseme ukweli, mwanzoni nilitaka tu kumwangalia asiumie.

Kilichonipata pale ni majina. Watu walibeba majina. Kwenye kadibodi, kwenye fulana, mengine yameandikwa kwa kalamu ya wino mnene na mkono unaotetemeka. Walikuwa wanayasoma kwa sauti, na umati unaitikia.

Usiku nilirudi keja nikaweka spika zangu masikioni, nikamweka Siti, na safari hii mahindi sikuyasikia kabisa. Nilimsikia mwanamke anayesema: mgeni wetu aliuawa, na hivi ndivyo walivyotufanyia. Karibu miaka 100, na lile swali la pombe lilikuwa limetangulia kufika mahakamani kabla ya muuaji.

Sitaki nikuuzie uongo. Wimbo haukumrudisha Kijiti. Haukuwafungua wale wanawake. Kama unatafuta hadithi ambayo msanii anaimba na dunia inanyooka, hii siyo. Na kuna jambo jingine ambalo huwa linanisumbua: wimbo unajulikana kwa jina la muuaji. Naelewa sababu. Siti alitaka asipate pa kujificha. Hata hivyo, karne nzima tumekuwa tukimtaja yeye kila tunapoomba wimbo, na mgeni amebaki kuwa mgeni.

Alivyoondoka

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, yule yule wa Kusadikika aliyekutesa au kukufurahisha shuleni, aliandika maisha yake katika Wasifu wa Siti Binti Saad. Huyo ndiye mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake, na alipotaka kuandika maisha ya mtu hakumchagua gavana wala sultani. Alimchagua mwimbaji asiyejua kusoma.

Bi Kidude, aliyekufa 2013 akiwa mkongwe wa wakongwe, alikuwa mmoja wa wale waliomsikiza Siti wakachukua mwenge. Na wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti. Hawakuhitaji kueleza ni Siti yupi.

Ukitaka kumsikiza, nakupa ushauri mmoja wa kijana kwa kijana. Usimweke ukiwa jikoni na kelele za jiko. Zima taa, vaa spika za masikioni, sikiza mara tatu. Mara ya kwanza utasikia mikwaruzo. Mara ya pili utaanza kuusikia udi ukizungumza na fidla. Mara ya tatu atakuja yeye mwenyewe, sauti nyembamba iliyonyooka, haina haraka, kama mtu anayenadi vyungu akijua kabisa kwamba mlango utafunguliwa.

Rafiki yangu wa mahindi alinipigia juzi. Hakuwa na stori ndefu. Alikuwa ameusikiza tena, ameufuatilia maneno, akamchezea mama yake ambaye ni mtu wa Malindi. Mama alikuwa anaujua. Alisikiza mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akaomba urudiwe.

Kwenye simu yangu wimbo ule ulikuja na jina la Kijiti. Nimelifuta. Sasa umeandikwa Mgeni. Simu yangu ni ndogo na ina ufa kwenye kioo, najua si mnara wa kumbukumbu. Lakini kila ukipita kwenye orodha yangu ya nyimbo, kati ya gengetone na amapiano, yeye ndiye unayemkuta kwanza.

Hiyo ndiyo kwa nini yangu. Ijumaa inakuja. Tuma yako moja, na usihepe kabla hujasema.